Swali la Kumi na Nne

Kurasa za majibu tulizichana Januari
tukawashia jiko.
Tangu hapo kitabu cha fizikia kinauliza tu,
na mimi, Lamzira, mezani kwa mshumaa,
sina wa kuniambia nimepata au nimekosa.

Chiatura, kipupwe kikali, umeme umekwenda zake.
Huja usiku wa manane kama mgeni asiye na haya,
hukaa saa moja, huondoka bila kuaga.
Juzi ulipokuja jengo zima liliamka:
Eteri wa chini akachomeka hita,
mzee Gocha birika, sisi jiko la mkate,
nami chini ya mablanketi manne nikahesabu.
Kila anayejiunga sambamba anapunguza ukinzani,
mkondo unanenepa, ampia kumi, kumi na tano, ishirini,
nikasema, sasa.
Fyuzi ikakata.
Mara ya kwanza kazi yangu kusahihishwa na giza.

Mwalimu Vazha hataki tuhesabu kabla ya kuchora.
"Mishale kwanza," husema,
glavu zimetoboka vidoleni, chaki inavunjika kwa baridi.
"Kila mshale una mwenyewe. Nani anavuta, nani anavutwa?
Usipomjua mwenyewe, futa."

*Kibanda chenye uzito wa newtoni elfu kumi na mbili
kinaning'inia katikati ya waya.
Kila upande waya umeinama nyuzi kumi.
Tafuta mvutano.*

Nainua macho.
Dirishani, juu ya mto Kvirila,
kibanda kimesimama katikati ya waya.
Mama yumo. Ametoka zamu ya hospitali,
umeme umemkatikia hapo,
mlima nyuma, mlima mbele,
mkate chini ya koti.

Tochi yake inawaka, inazima.
Nuru inavuka kioo chake, hewa, kioo changu chenye barafu,
na kila inapovuka inapinda kidogo,
kwa hiyo pale ninapomwona
sipo hasa alipo.
Hili nalo limo kitabuni, sura ya saba.

Nachora. Kisanduku.
Mshale mmoja chini, mnene: uzito.
Miwili juu, kushoto na kulia: waya.
Mkono wangu unachora wa nne, hauna jina,
unatoka ukingoni mwa karatasi, upande niliokaa,
unakwenda hadi kwenye kisanduku.
Nani anavuta?
Nafuta. Hofu si kani.
Upepo ni kani, lakini leo hakuna upepo.

Nusu ya uzito, gawanya kwa sini ya kumi:
elfu thelathini na nne na ushei, kila upande.
Karibu mara tatu ya mzigo wenyewe!
Narudia, nikidhani nimekosea.
Najaribu nyuzi tano: elfu sitini na tisa, kasoro kidogo.
Nyuzi mbili: laki moja na elfu sabini na mbili, hivi.
Nyuzi sifuri, waya ulionyooka kama rula,
waya mwenye kiburi, asiyeinama hata chembe:
jedwali linanyamaza.
Hakuna chuma duniani.

Kumbe lile tumbo la waya
lililonitia kichefuchefu tangu utotoni,
kule kulegea nilikokuita uzee,
ndiko kunakombeba.

Huko stesheni Gocha na mwanawe wameanza
kuzungusha gurudumu kwa mikono.
Kibanda kinatetemeka, kinasogea kadiri ya hatua moja.
Pembe mbili si sawa tena.
Hilo ni swali la kumi na tano, lile lenye nyota,
na sikulijaribu.

Mama aliingia saa nne, kope zina barafu.
Kuhusu waya hakusema neno.
Aliuliza mbona mshumaa umeisha hivi.
Nikamwonyesha karatasi.
Akaitazama kichwa chini miguu juu,
akatua mkate juu yake,
na joto la kifua chake lililobaki ndani ya mkate
likaacha duara la unyevu
palepale kwenye jibu.