Ng'ombe wa Risasi

Tunamwita ng'ombe, ingawa hali majani:
mtungi mdogo ndani ya gamba la risasi,
si risasi ya bunduki, ile nzito ya kuzuia miale.
Hufika Jumatatu kwa ndege,
na kila asubuhi namkamua
matone yasiyo rangi wala harufu.
Saa sita zikipita, nusu ya nguvu yake imekwenda,
uwe umeyatumia au umekaa unayatazama.

Shemdoe wa getini alicheka mpaka akaketi.
"Tanga nzima tunakunywa maziwa, dada,
ya kwenu peke yake ndiyo hayagandi mtindi."

Kisha gonjwa likaja, ndege zikalala viwanjani.
Dawa hii haiwekeki akiba
kama mchele wa mwezi mtukufu.
Jumatatu ya kwanza, hakuna mtungi. Ya pili, hakuna.
Ng'ombe wa zamani akawa anapungua mwenyewe zizini,
nusu, nusu ya nusu,
nami naandika daftarini tarakimu zinazoona haya.

Nje, mji ulikuwa unajifunza somo letu.
Simama mbali. Usikae sana. Weka kinga katikati.
Sheria hizo tumezibandika ukutani miaka kumi
kwa ajili ya miale;
sasa zinatangazwa Ngamiani kwa kipaza sauti,
na ndoo ya maji na sabuni kila mlango wa duka.
Nikachukua kipimo chetu, kile kinacholia kre-kre,
nikakipitisha kwenye kitasa, kwenye barakoa yangu,
kwenye benchi la wagonjwa.
Kimya.
Adui huyu hakujua lugha yake.

Wakamleta Mwanakombo kutoka Mikanjuni,
mwana wa siku tisa mikononi mwa shangazi,
pumzi fupi kama za mtu aliyekimbizwa.
Ni lile gonjwa, au ni damu iliyoganda?
Yaliyobaki mtungini yangetosha mtu mmoja, tena kwa kubana,
na jina la siku ile lilikuwa la Mwalimu Singano wa Pongwe,
aliyekwisha kuahirishwa mara mbili.
Nikampigia. Nikababaika. Baadaye simu ikatetemeka mfukoni:

*Mwana nimekusikia, chupa imebaki moja,*
*Mpe anayeumia, mimi mzee nangoja,*
*Mifupa yanililia, lakini haina hoja,*
*Ndege ikiturudia, nipigie nitakuja.*

Mapafu ya Mwanakombo yakawaka kwenye kioo,
isipokuwa pembe moja ya chini, kulia,
nyeusi kama khanga iliyosahauliwa chini ya pasi.
Damu iliyoganda. Akaanzishiwa sindano usiku uleule.
Shangazi akatoka nje kumtuliza mtoto,
asijue kuna mtu Pongwe wa kumshukuru.

Wiki ya saba ndege ikaturudia.
Mwalimu alikuja na baiskeli yake, akiikokota;
kuipanda hawezi tena.
Saratani haikuwa imeambiwa kwamba ndege zimesimama.

Kwenye mapafu, giza ndiyo habari mbaya.
Kwenye mifupa, ni mwanga.
Mgongo wake uliwaka kutoka shingoni hadi nyonga
kama Barabara ya Kumi na Mbili usiku wa Idi.

"Taa ngapi?" akauliza, amelala chali, macho darini.
Nilikuwa nyuma ya ukuta wa risasi, barakoa juu,
mbali kama nilivyofundishwa, mara mbili.
Nilihesabu mpaka tisa nikaacha.
"Daktari atakwambia, Mwalimu."

"Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja," akasema.
"Namjua mwanafunzi anayeficha jibu."