Kofia Moja, Vichwa Viwili

Magharibi mwa Nebraska mahindi yamesimama pande zote
kama watu waliokosa tiketi,
na katikati yake lami iliyonyooka, robo maili tu,
inayonuka mpira ulioungua na methanoli.

Lorene Pokorny ana meza, tochi na muhuri.
Mwaka wa thelathini na moja huu anauliza swali lile lile:
"Kichwa chako kinakaa wapi?"
Madereva wapya hucheka. Wa zamani huinamisha shingo.

Huanza na vyuma vya kizimba, akabonyeza sponji kwa kidole gumba
pale ambapo kichwa kitagonga, kama kitagonga.
Kisha kola ya kaboni mabegani na kamba zake mbili,
maana gari likisimama ghafla mwili hushikwa na mikanda,
ila kichwa hakijaambiwa, kinaendelea na safari.
Mwisho, helmeti. Huigeuza juu chini kama sufuria sokoni,
hunusa.

Ya Tobin Hruska ilikuwa ya mjomba wake marehemu:
nyekundu, ubavuni mwewe aliyechorwa kwa mkono,
imeng'arishwa kwa nta hadi unayaona meno yako.
Lorene alivuta kitambaa cha ndani, akakwaruza kwa ukucha.
Povu likamwagika mezani, makombo ya mkate wa juzi.
"Stika hii ilikwisha muda kabla hujaota ndevu."
"Mjomba aliivaa miaka kumi na minne, hakufa nayo."
"Alikufa na nini?"
"Figo."
"Basi haikuwahi kuulizwa."

Wako wasemao ajali haina kinga.
Lorene hawabishii. Nyumbani ana mume, Emil,
aliyetoka garini akitembea, bila hata mchubuko,
na tangu siku ile humwita mkewe Ludmila,
jina la dada yake.
Kofia ya Emil imo kabatini, nje nzima,
inang'aa kama yai.
Hajawahi kumwonyesha mtu. Leo pia hakuionyesha.
Alisema tu, "Hapana," na muhuri ukabaki mkavu.

Kichwa cha kuku hakistahili kilemba, sawa,
lakini kwenye foleni ile hakuna aliyeuliza cha nani kinastahili.
Marguerite Oyen, fundi wa matrekta, miaka hamsini na saba,
mpinzani wake, alivua ya kwake: ya kijivu, mbaya, mpya.
"Tuko pande mbili za ratiba. Nikimaliza nakuletea."
Lorene akamvika kijana, akaishika kwa mikono miwili, akaitikisa:
ngozi ya mashavu ikafuata. Akapitisha ukanda kwenye pete mbili, akakaza.
Pa! Muhuri.

Jioni nzima kofia ile ilikimbia kuliko magari.
Ilishuka kichwa hiki ikapanda kile, imelowa jasho la wawili.
Taa za njano, ya kijani, moshi, parachuti,
na mtu wa pikipiki huyo anairudisha mbio.
Marguerite akashinda. Tobin akashinda.
Hakuna aliyepiga hesabu
hadi majina ya fainali yalipoandikwa ubaoni.

Njia mbili. Vichwa viwili. Kofia moja.

Marguerite aliivua, akamnyoshea.
"Turushe sarafu?"
Tobin akautazama mti wa taa, akazitazama sekunde saba
alizozitafuta gerejini tangu theluji ya kwanza,
akasema, "Ni yako,"
akaenda kusimama ukutani.

Mama akapita peke yake, njia ya pili tupu,
na utupu ule ulisikika kuliko injini.

Usiku, wakikunja mahema, Lorene alimpa mkasi.
Tobin alikata kamba za kofia ya mjomba, mwenyewe,
asije mwingine akaiokota akaiamini.
Mwewe alimwacha.
Lorene akataka kusema jambo la kabatini.
Akasema, "Kesho kapime kichwa dukani. Kwa futi ya kamba,
juu kidogo ya nyusi."
Kisha akawasha gari, akafunga mkanda,
akaenda taratibu hadi nyumbani,
kuitwa Ludmila.