Tundu la Saba

Mimi hushona ala za bastola.
Karakana yangu iko nyuma ya duka la matairi,
huku Kansas, ambako upepo hauna pa kujigonga.
Jumamosi wanaume huja kunusa ngozi mbichi
na kunywa kahawa yangu bila kuuliza bei.

"Hii mpya, Lavonne, ishike, hebu ishike!
Gramu mia tano na tatu. Nyepesi kama uongo."
Delmar kalipa dola mia tisa
ili apunguze gramu tisini kiunoni,
na juu ya mkanda huohuo
kalaza kilo arobaini za nyama na bia.
Nyani haoni kundule.
Simwambii. Mkanda mrefu una faida.

Kazi yangu huanza na maji ya uvuguvugu.
Naloweka ngozi, naivisha bastola ya plastiki, ya buluu,
nabonyeza kwa kidole gumba, pole pole,
mpaka ngozi ikariri kila pembe ya chuma.
Ikishakauka haisahau.
Viuno ndivyo husahau.

Verlin Stucky alikuja mwezi wa Machi.
"Nitobolee tundu moja. Daktari kanikataza mkate."
Wenzake wakampigia makofi, wakadai siri.
Mayai ya kuchemsha, akasema,
na kutembea hadi ghala la ngano na kurudi.
Nikashika msharasi na nyundo.

Mei, la pili na la tatu.
Julai mkanda ukaota mkia,
ukamzunguka hadi mgongoni, ukamchapa akitembea.
"Sasa waweza kuivaa mbele, penye kitovu!"
akapiga kelele Delmar, kwa wivu wa kweli,
wakarudi kwenye ubishi wao:
ngozi au plastiki ngumu, ndani ya suruali au nje,
na nani aliwahi kujikwaruza nyama akiketi garini.
Hakuna aliyemtaja Arlys,
mkewe, tuliyemzika Februari
ardhi ikiwa ngumu, wachimbaji wakiipasha moto kwanza.

Kuna kukonda kwa kutaka
na kuna kukonda kwa kuachwa.
Mimi huyajua kwa matundu.
Anayejinyima huja na tundu mojamoja, kifua mbele kama jogoo.
Anayeliwa na kitu
huja kimya na kuomba mawili.

Oktoba. Jumanne, siku isiyo na watu.
Verlin akaiweka bastola juu ya meza yangu,
risasi zimetolewa, mtutu umeelekezwa ukutani,
vilevile alivyotufundisha sote.
"Kaa nayo," akasema. "Nyingine tano zimo garini.
Usiku wa nyumba ile una masikio, Lavonne,
nami nimeanza kuusemesha."

Sikumuuliza kitu.
Niliondoa nyuzi na nta kwenye kabati la chuma,
tukabeba pamoja, mara tatu, bila neno,
nikamwandikia risiti: sita,
kama mtu aliyeacha saa kwa fundi.
Nikampigia dada yake wa Salina simu, mbele yake,
naye akatazama kofia yake, hakunizuia.

"Na mkanda?" nikasema.
"Moja tu."
La saba. Nyundo ilipiga kidogo pembeni,
mpaka leo tundu lile limepinda.

Akatoka na ala tupu ubavuni,
maana bila mkanda suruali ingemwaibisha barabarani,
na ngozi bado imefumba ngumi
juu ya kitu kisichokuwamo.
Kitini mwa gari nilikuwa nimemwekea mkate,
uleule aliokatazwa, nusu nzima, na siagi.

Jumamosi Delmar kaja mbio, kabla kahawa haijachemka.
Mpya tena. Gramu mia nne na themanini.
"Ipime, Lavonne! Ipime mwenyewe!"
Nikaipima kiganjani, muda mrefu
kuliko alivyopenda.
Nikamwambia ni nzito.