Wino

Saa kumi na mbili asubuhi, Tabata Kisukuru.
Mwasiti anageuza vitumbua,
simu kaiegemeza kwenye kopo la iliki.
Kule Montana bado ni jana:
Erasto katoka kupiga kura yake ya kwanza
kwenye ghala la ngano, theluji magotini.

"Huyo mbunge wenu kaahidi nini?"
"Daraja, mama. Na bei ya ng'ombe."
Anacheka mpaka mafuta yanamrukia.
Kalvati la mtaani kwao
limeshaahidiwa na wabunge watatu,
na mmoja wao ni marehemu.

"Haya, nionyeshe kidole."
Kidole kinajaza kioo, kikavu, safi.
"Huku hawapaki wino. Wanakupa stika."
"Iko wapi?"
"Imebanduka, upepo."

Kitumbua kinaungua.
"Sasa, baba,
utawaambiaje kwamba ulikuwepo?"