Funga Mwango

ONYESHO LA KWANZA. NDANI. JIKONI. ALFAJIRI.
Ndivyo ninavyoanza siku hizi hata barua ya kuomba radhi.

Miaka kumi na mmoja nawatilia watu maneno vinywani,
waigizaji wasiojua Langoni iko upande gani wa Lamu,
na Mutheu, mtayarishaji, hunipigia usiku:
"Shekuwe, fupisha. Mama huyu anasema mno.
Halafu 'mato' ni kitu gani? Weka macho."

Nikaweka macho.
Nikaweka njoo palipokuwa ndoo,
maana mwigizaji, mtu wa bidii,
alikwenda kweli akaleta ndoo.
Kwa herufi hizo nilizobadilisha
wadogo zangu walilipiwa karo.

Sehemu ya arubaini mume anaondoka.
Siku tatu sikupata la kumpa mkewe aseme.
Ya nne nikampa la mama yangu,
alilomwambia baba usiku ule, mimi juu kitandani:
"Funga mwango, kuku wasitoke."
Mutheu akacheka, akanyamaza. "Umelitoa wapi hili?"
Nikasema nimelibuni.

Jumatano nilikuwa nyumbani, likizo.
Runinga ya Bi Esha Lali juu ya kiti cha mpingo,
sinia la kaimati, wanawake tisa, watoto sakafuni.
Mke akafika mlangoni (mwango umeshakuwa mlango),
akasema neno lile huku akibubujika machozi,
muziki ukapanda.
Majirani wakashika vifua.
Mama akachukua kaimati, akaitafuna mpaka ikaisha.

Jina langu likapita, "Shekwe", bila u,
kabla ya mtoto wa kwanza kulisoma likafunikwa na sabuni.

Njiani tulipisha punda wa mchanga,
migongo yetu ukutani.
"Mbona yule yuwalia?" akauliza. "Mimi sikulia."
"Mwongozaji ndiye aliyetaka, mama."
"Na kuku? Sikuona hata mmoja."
"Kuku ni gharama."
Akacheka kidogo, kama mtu aliyepunjwa sokoni
na muuzaji anayemjua.

Kiwandani, akivua viatu, hakunitazama:
"Na babako aliufunga. Polepole,
akaurudia kuujaribu kama umeshika.
Hilo hukuliandika."

Mkono wangu ulikuwa umeshafika mfukoni, kwenye kalamu.
Akauona.
Nikautoa mtupu,
nikaenda kumtilia maji ya kutawadha.