Kengele ya Mia na Ishirini

Wadi Kabir, mtaa wa magereji, saa tano za asubuhi.
Bati linakaanga. Biju amelala chali chini ya Datsun,
miguu tu ndiyo inayoonekana,
kandambili moja bluu, nyengine kahawia.
"Madam, spana kumi na nne."
Nampa. Mwezi wa kumi na tisa huu, nampa.

Baba aliinunua mwaka sabini na nne,
wakati nyumbani tulikuwa na cherehani na deni.
Milango miwili, pua ndefu, rangi ya embe lililoiva kupita.
Mama akauliza: "Watoto wanne.
Watakaa wapi, juu ya boneti?"
Baba akasema Wajapani wana akili,
hilo watakuwa wameshalifikiria.

Hawakulifikiria.
Tulipakiwa nyuma, penye mizigo,
chini ya kioo kilichotuoka kama mofa,
na mpaka leo kaka yangu Sleyum ana alama pajani,
alama ya chuma kilichopata jua la Samail.

Halafu turubai. Miaka ishirini na mbili, uani, Al Khoudh.
Paka walizalia kiti cha dereva.
Siku nilipoinyanyua zulia niliona kokoto:
kutu ilishakula sakafu, ikabakisha ruwaza.

Jana alikuja mthamini, Thuwaini bin Harub,
kanzu nyeupe pe, mfukoni tochi na sumaku.
Akaipitisha sumaku ubavuni taratibu, kama daktari,
na kila isiposhika, akaandika.

"Bawa la kushoto si lake."
Kweli. Lake aliondoka nalo ngamia, njia ya Adam,
mwaka themanini na moja. Ngamia alipona.
"Kirungu cha gia si chake."
Ni cha kabati la mama, droo ya tatu.
Droo ile tangu hapo tulikuwa tunaifungua kwa kisu.
"Rangi haimo kwenye daftari la kiwanda."
Nikamwambia haimo, bwana, tumeichanganya wenyewe,
mara sita, mimi na Biju, tukibishana juu ya embe.
Akaandika riali elfu kumi na moja.

Usiku akapiga simu mtu wa Dubai.
Elfu kumi na tatu, taslimu, analeta winchi mwenyewe.
Ila ile kengele mbovu, akasema,
kateni waya tu, nani anaitaka siku hizi?

Nani anaitaka.
Zama zile gari za huku zilikuja na kengele chini ya dashibodi,
ukifika mia na ishirini inalia mpaka upunguze.
Mama akiiita wifi.
"Haya, wifi kashasema," na baba, mtu asiyesikia la mtu,
akinyanyua mguu.
Sikumbuki jambo jengine walilokubaliana
bila ya mlango kubamizwa.

Biju ameshaipata. Si kengele iliyokufa,
ni kidole cha shaba nyuma ya saa ya mwendo,
kimeota ukijani. Anakisugua kwa kifutio cha penseli
alichomuazima mtoto wa muuza chai.

Ijumaa, alfajiri, tumeshaipita Fanja.
Barabara tupu, milima bado haijapata rangi.
Tisini. Mia. Mshale unatetemeka kama mkono wa mgonjwa.
Mia na kumi. Biju ameshika mlango kwa mikono miwili,
anasoma kitu kwa Kimalayalam.
Mia na ishirini.

Kimya.

Mia na ishirini na tatu, na nne,
nikaanza kusema basi, haidhuru —
ting. Ting. Ting.
Sauti nyembamba, kijiko ndani ya gilasi,
imechelewa kidogo, kama alikuwa anatafuta mtandio.

"Haya," nikasema.
Mguu ulishanyanyuka wenyewe.

Tulikwenda hivyo mpaka Izki, themanini, madirisha wazi,
na Biju akauliza: yule wa Dubai, tumjibu nini?
Mwambie, nikasema,
wifi hajakubali.