Kadi Isiyokataa

Usinunue kwa macho.
Mtaa wa Aggrey kila kitu kina sura nzuri:
pakiti inang'aa, namba imekolezwa wino,
giga mia moja ishirini na nane kwa elfu nane,
na kijana anakwambia, "Orijino hii, dada. Nakupa kwa sababu yako."

Mwaka jana nilipewa kwa sababu yangu.
Nikapakia harusi ya Sikitu, yote,
tangu usiku wa hina, Mbagala Rangi Tatu,
kadi ikameza, ikameza, haikupiga hata mbweu.
Wiki mbili baadaye nafungua:
shangazi yuko nusu,
bwana harusi ni mistari ya kijivu,
keki inakatwa na mkono usio na mwenyewe.
Giga kumi na sita ndizo zilikuwa za kweli, nyingine maneno.
Ilipojaa haikusema.
Iliandika ya leo juu ya jana
huku ikiniambia sawa, sawa, sawa.

Tangu siku hiyo napima.

Kidawa ndiye aliyenifundisha,
meza yake futi tatu, chini ya ngazi za duka la vitenge,
miwani imeshikizwa kwa waya wa chaja.
"Soma alama ndogo, achana na kubwa.
Kumi ndani ya duara ni mwendo wa picha,
A ile ya pembeni ndiyo ya programu.
Halafu usimwamini. Mjaze takataka mpaka juu,
umwambie arudishe.
Akirudisha pungufu, mpeleke kwa Lwitiko
kabla hajashusha mlango."
Kadi huzitaja kwa ngeli ya watu,
kama wapangaji wanaokuja kuulizia chumba.

Kujaza ni saa mbili na nusu.
Tangawizi. Jenereta la jirani linakohoa.
Asilimia thelathini na moja.
Mtu anauliza bei ya kava.
Asilimia thelathini na mbili.

Leo amekuja Siwatu, anayepikia maduka ya Tandika maandazi,
na simu ambayo kampuni iliyoiunda imeshaisahau.
Kila akigusa: nafasi haitoshi.
Oda zinaingia usiku, asubuhi hazipo.
Anataka mfumo mpya, ule wa mafundi,
na kadi ya kuubebea mzigo.

Tumempimia tatu. Ya kwanza mwongo.
Ya pili mwongo mwenye adabu, alifika nusu.
Ya tatu ilipofika ukingoni ikasimama,
ikakataa faili la mwisho, waziwazi.
Kidawa akaigonga kwa ukucha: "Huyu."

Nikaigawa. Sehemu kubwa ya picha,
ambayo kompyuta yoyote itaisoma,
na ndogo ya programu, inayoeleweka na simu peke yake,
sebule, na chumba cha ndani.
Betri tukaisubiri ivuke nusu.
Luku ya jengo hili haina haya.

Ikabaki kadi yake ya zamani.
"Humo mna nini?"
"Hamna kitu. Futa."
Kidawa hakuinua kichwa. "Nakili kwanza.
Hamna kitu ndilo jibu la kila mtu."

Faili elfu mbili mia moja na kumi na nne.
Risiti za unga. Dari. Dari tena. Kidole.
Na sauti, sekunde arobaini:
mwanamume anahesabu maandazi,
mia na tisa, mia na kumi, mia na... ah,
anacheka, anaanza upya, moja, mbili,
na nyuma yake mafuta yanachemka.

Siwatu alikuwa ameshika pochi kwa mikono miwili.
Nikamwuliza kama tuendelee.
"Sawa," akasema.
Nikamwuliza kama yuko sawa.
"Sawa," akasema. "Sawa. Sawa."

Kidawa akavua miwani.
"Msogezee kiti," akaniambia.
"Huyu amejaa."